Mtoto Sokoni: Afundishwe Kupatana Bei?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mtoto wa miaka minane tayari ni mnunuzi. Hutumwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kuchukua robo ya sukari, hutumwa gengeni kuchukua fungu la nyanya, na wazazi wenye uwezo humchukua Jumamosi kwenda supamaketi kusukuma toroli. Kwa Mangi bei ya sukari inajulikana mtaa mzima. Gengeni muuzaji hutaja bei na mteja humjibu. Supamaketi bei imebandikwa kwenye rafu, na anayekaa kwenye mashine ya malipo hana mamlaka ya kupunguza hata shilingi 50. Mtoto hupitia taratibu zote tatu ndani ya wiki moja, na ni nadra mtu mzima kuketi naye akamweleza kwa nini zinatofautiana.

Akishaamua kumweleza, aanze na lipi? Amfundishe kupatana bei, au amfundishe kwamba bei ya haki ni ile iliyoandikwa kwa wote? Wanaojibizana hapa ni sauti nne ambazo mkazi wa jiji huzisikia kila siku: mhasibu mwenye watoto wawili ambaye karibu manunuzi yake yote huyafanya supamaketi, mama mwenye genge la mboga, bibi aliyelea watoto wakati wa foleni, na mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi.

Mhasibu ndiye anayefungua. "Mimi sitaki mwanangu ajifunze uongo," anasema. "Muuzaji anataja elfu kumi huku akijua atakubali sita. Mnunuzi anaapa hana zaidi ya nne, na mfukoni ana ishirini. Wote wawili wameshadanganyana kabla bei haijapatikana. Jioni tukirudi nyumbani tunamwambia mtoto kwamba uongo ni dhambi. Atushike kwa lipi?"

Hoja hiyo ni kongwe. Katika Uingereza ya karne ya 17, waumini wa Quaker walikataa kupatana bei kwa sababu hiyo hiyo: kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni kusema uongo. Mwanzoni walipoteza wateja. Baadaye wateja wakarudi, na George Fox, mwasisi wa waumini hao, alieleza sababu katika kumbukumbu zake: watu waligundua kwamba hata wakimtuma mtoto kwenye duka la Quaker, mtoto huyo alihudumiwa sawasawa na mzazi wake. Kwa maneno mengine, mtoto alikuwa miongoni mwa wa kwanza kunufaika na bei moja.

Wengine waliifikia bei moja kwa hesabu za biashara. Huko Edo, mji unaoitwa leo Tokyo, Mitsui Takatoshi alifungua duka la vitambaa la Echigoya mwaka 1673. Duka hilo lilipata umaarufu kwa kuuza taslimu kwa bei isiyojadiliwa, wakati wenzake walikuwa wakipeleka vitambaa majumbani kwa matajiri na kuuza kwa mkopo na kwa mapatano. Paris, kuanzia mwaka 1852, Aristide Boucicaut aliligeuza Le Bon Marché kuwa duka kubwa ambamo kila bidhaa ilibandikwa bei yake. Duka lenye wahudumu wengi wa kuajiriwa haliwezi kumwachia kila mhudumu apatane na mteja kwa niaba ya tajiri. Bei iliyoandikwa ilimwezesha tajiri kuuza bila yeye mwenyewe kuwapo.

Mama wa genge anadakia hapo hapo. "Sasa baba, bei hiyo unayoitaka ni bei ya tajiri asiyekuwapo. Mimi nipo, na mzigo wangu ni nyanya. Tenga nalinunua alfajiri bila kujua chini kuna nini. Nikilimwaga, pengine ndoo nzima imeshapondeka njiani. Nyanya zangu za saa moja asubuhi na hizo hizo saa kumi na mbili jioni haziwezi kuwa na bei moja, maana kesho yake nitazitupa. Nani aniandikie bei? Bei naijua kwa kuulizwa. Wateja watatu wakipita wakaniambia kule mbele ni nafuu, nimejua leo mzigo umeingia kwa wingi, nami nashusha."

Maneno yake yanakubaliana na ya mwanaanthropolojia Clifford Geertz, aliyechunguza soko la mji wa Sefrou nchini Moroko. Katika makala yake ya mwaka 1978, Geertz alieleza kwamba katika soko la namna hiyo habari ni haba na haikugawanyika sawa: mnunuzi hajui ubora wa mali, na hata muuzaji hajui vizuri mali hiyo leo inakwenda kwa kiasi gani. Kuzunguka, kuuliza na kupatana ndiyo njia ya kuitafuta habari hiyo. Na kwa kuwa kuitafuta upya kila siku kunachosha, mnunuzi hujipatia muuzaji wake, muuzaji naye akajipatia wateja wake wa kudumu.

"Kwa hiyo mtoto anayeniuliza bei hanidanganyi wala mimi simdanganyi," mama wa genge anahitimisha. "Tunaitafuta bei pamoja."

"Lakini mnaitafuta mkiwa hamlingani," mhasibu anajibu. "Anayejua sana humla asiyejua. Mimi nikienda Kariakoo na shati la kazini, bei inapanda kabla sijafungua mdomo. Mtoto je?"

Upo utafiti unaomuunga mkono. Marekani, Ian Ayres na Peter Siegelman waliwatuma watu waliofundishwa kusema maneno yale yale katika maduka ya magari ya eneo la Chicago, wakapatane bei kwa utaratibu ule ule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba wanaume weupe walipewa bei za chini kuliko wanawake weupe na kuliko watu weusi, wake kwa waume. Hakuna aliyekosea katika kupatana. Kilichotofautiana ni sura iliyokuwa mbele ya muuzaji. Bei iliyobandikwa haiangalii sura ya mtu.

Bibi amekuwa kimya. Sasa anamgeukia mhasibu. "Mwanangu, nyie mnaizungumza bei iliyoandikwa kama kwamba ikishaandikwa basi na mali ipo. Sisi tuliishi na bei iliyoandikwa. Sukari ilikuwa na bei, sabuni ilikuwa na bei, khanga ilikuwa na bei. Kilichokosekana ni sukari yenyewe, sabuni na khanga."

Bibi anasema kweli. Tume ya Bei ya Taifa iliundwa mwaka 1973, na kwa miaka mingi bei za bidhaa nyingi zilipangwa na serikali nchi nzima. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili nafasi yao ishikwe na maduka ya ushirika na ya ujamaa. Vita vya Uganda, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na uhaba wa fedha za kigeni vilipozidi, rafu zikabaki tupu. Mali ikahamia mlango wa nyuma, kwa bei nyingine kabisa, hadi mwaka 1983 serikali ilipotangaza vita dhidi ya walanguzi. Kuanzia mwaka uliofuata milango ya biashara ilianza kulegezwa. Ni katika miaka hiyo hiyo ya bei zilizopangwa ambapo jengo la Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, nalo likaendelea kuwa mahali pa kupatana bei mpaka moto ulipoliunguza tarehe 10 Julai 2021.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimfundisha kupanga foleni kabla ya kumfundisha kuhesabu," bibi anasema. "Bei alikuwa anaijua kwa kichwa. Haikumsaidia."

Mwalimu anaona jambo hilo lina mfano wa leo ambao kila mwanafunzi anauelewa. Nauli ya daladala hupangwa na mamlaka, LATRA, na ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Nauli hiyo haina mjadala. Hata hivyo, watoto wenye sare huachwa vituoni, kwa sababu kondakta anaona kiti kimoja cha mwanafunzi kinamnyima fedha ya mtu mzima. "Wakiniuliza kwa nini, nawaambia ukweli," mwalimu anasema. "Bei ikipangwa chini ya anayoitaka muuzaji, yeye hutafuta njia ya kumkwepa mteja. Kwa hiyo bei ya kuandikwa inahitaji msimamizi, kama vile bei ya mdomo inavyohitaji adabu."

Kisha anaingia katika eneo lake. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti mdogo ambao walimu wa hisabati wanauzungumzia hadi leo. Katika mji wa Recife, Brazili, walinunua vitu kwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza mitaani na sokoni, wakawauliza bei na chenji. Majibu yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Baadaye hesabu za aina ile ile wakapewa kwa karatasi na penseli. Zilipoandikwa kama hadithi fupi, usahihi ulishuka hadi asilimia 74. Zilipoandikwa kwa tarakimu tupu, ulishuka hadi asilimia 37. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi 10, moja ikiwa cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri kama shule inavyofundisha. Alijua kwamba nazi tatu ni 105, akaongeza tatu nyingine zikawa 210, akaongeza tatu tena zikawa 315, na ya mwisho ikamfikisha 350.

"Basi mwalimu, funga shule uwalete kwangu," mama wa genge anasema, na bibi anatikisa kichwa kukubali.

Mwalimu hakubali. Mwaka 2025 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao kuhusu watoto wanaofanya kazi katika masoko ya Kolkata na Delhi, India. Watoto hao waliweza hesabu ngumu za mauzo kichwani, lakini hesabu nyepesi za kitabuni ziliwashinda. Wenzao wa shuleni ambao hawakuwa na kazi sokoni waliziweza za kitabuni, wakababaika walipopewa hesabu za manunuzi. Ujuzi wa upande mmoja haukuvuka kwenda upande wa pili wenyewe. Na kuna sheria pia: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi. "Mtoto kwenda kununua na kujifunza ni jambo moja," mwalimu anasema. "Mtoto kukosa shule ili akae gengeni ni jambo lingine. Ninachotaka ni kuzikutanisha hesabu hizo mbili, na mahali pa kuzikutanishia ni kwenye kipimo."

Anaomba fungu moja la nyanya. Ni nyanya tano: nne zimekaa chini, moja juu, iliyo nyekundu zaidi ikitazama barabarani. Bei ni shilingi 1,000. Mwalimu anatoa mzani mdogo wa jikoni. Gramu 400. Kwa hiyo kilo moja ni shilingi 2,500, na kama supamaketi kilo ni 3,000, genge ni nafuu. Kisha anazigeuza nyanya. Moja ya zile za chini imepasuka na inatoa maji. Akiitoa, zinabaki gramu 320, na kilo imeshakuwa 3,125. Genge limekuwa ghali kuliko supamaketi kwa nyanya moja tu. Mama wa genge, bila kuambiwa, anaichukua ile iliyopasuka, anaweka nzima mahali pake na kuongeza nyingine moja juu. Zimekuwa sita, gramu 480. Kilo sasa ni kama shilingi 2,083.

"Hiyo ndiyo nyongeza," mama anasema. "Mtoto akiniamkia vizuri akaniomba, nampa. Bei yangu haikushuka hata senti, na yeye amefaidi kuliko angenibana nimpunguzie mia."

Kwa mtoto, somo hilo lina uzito kuliko mbinu yoyote ya kushusha bei. Anayebishania shilingi 100 huku hajageuza nyanya amepigania kitu kidogo na kuachia kikubwa. Ulaghai mkubwa wa masoko yetu haupo kwenye bei inayotajwa. Upo kwenye kipimo. Kisado kilichobonyezwa kitako hupunguza mchele bila bei kubadilika. Lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ya mdomo, humfanya mkulima wa viazi alipwe kwa gunia moja wakati ametoa zaidi ya gunia. Ndiyo maana sheria ya vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo hupita kuikagua. Sura ya 83 ya Qur'ani inaanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo, na jina lake limetokana na wapunjaji hao.

Mhasibu anaona hapo supamaketi imeshinda, kwa kuwa kila pakiti imeandikwa uzito. Mwalimu anamuuliza kama huwa anausoma. Tuseme mfuko wa unga wa kilo 5 ni shilingi 9,000 na wa kilo 2 ni 3,400. Wengi huamini mfuko mkubwa ndio nafuu. Ukigawanya, wa kilo 5 ni shilingi 1,800 kwa kilo, na wa kilo 2 ni 1,700. Biskuti zinaweza kubaki na bei ile ile na karatasi ile ile huku gramu zikipungua ndani. Na anayenunua mafuta ya kupima, mililita 100 kwa shilingi 800, analipa 8,000 kwa lita, wakati jirani yake mwenye fedha ya kununua lita nzima ameilipia 6,000. Hakuna aliyepandisha bei mbele ya macho yao.

"Sawa," mhasibu anasema baada ya kimya kidogo. "Kipimo nakubali. Lakini ule uongo wa mfukoni bado."

Bibi ndiye anayemjibu, na anamjibu kwa kutaja adabu za soko kama alivyozipokea. Usiulize bei ya kitu usichokitaka. Usiikashifu mali ya mtu ili uipate kwa bei ya chini. Ukitaja bei na muuzaji akaikubali, umenunua. Kuondoka hapo ni kumvunjia heshima. Anayefungua biashara asubuhi ukiwa mteja wa kwanza, usimbane. "Na kuhusu mfukoni, mwanangu, hakuna aliyekulazimisha useme una kiasi gani. Mtoto aseme, 'Mama, nipunguzie,' basi. Akikataliwa anunue au ashukuru aende."

Mhasibu anaridhika na hilo, ila anaongeza la kwake. Tangu mashine za risiti za kielektroniki zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, baadhi ya wauzaji wa Kariakoo humuuliza mteja kama anataka bei yenye risiti au bei isiyo na risiti. Hayo nayo ni mapatano, na punguzo lake linatoka kwenye kodi. Anataka mtoto afundishwe kwamba punguzo hilo halimo katika adabu alizozitaja bibi. Hakuna anayempinga.

Mama wa genge ana dukuduku lake. "Mimi kinachoniuma ni kimoja. Mtu ananibishia mia mbili ya mchicha hadi jasho linanitoka. Akitoka hapa anapanda gari kwenda supamaketi, analipa chochote alichoandikiwa na kusema asante. Na mtoto wake yupo nyuma anaangalia. Anajifunza nini? Anajifunza kwamba mwenye duka kubwa haulizwi, na mimi ndiye wa kubanwa."

"Ndiyo maana nilisema wasibishane na wewe, dada," mhasibu anasema.

"Wasiponiuliza kabisa sitapata mteja wa kudumu. Mimi nawakopesha, nawawekea ya kesho, mtoto akipotea namrudisha kwao. Hayo yote yameanza kwa kuulizana bei. Naomba tu waangalie wanambana nani."

Kutokana na maneno hayo, mwalimu anakata shauri kuhusu somo lake. Watoto wa darasa la nne atawapa orodha moja ya vitu vitano: nyanya, vitunguu, mchele, unga na mafuta ya kula. Kundi la kwanza litanunua gengeni, la pili kwa Mangi, la tatu supamaketi. Kila kitu kitapimwa darasani kwa mzani mmoja, kibovu kitolewe, na bei ya kilo iandikwe ubaoni. Kila kundi litaeleza pia waliuliza nini, wakajibiwa nini, na kama walipunguziwa au waliongezewa. Kundi la supamaketi lina kazi ya ziada: kutafuta vifungashio viwili vya bidhaa moja ambavyo kikubwa ni ghali kwa kilo kuliko kidogo, na kumuuliza msimamizi kwa adabu sababu yake ni nini.

Mhasibu amekubali kugharamia kundi la kwanza na kufuatana nalo. Mama wa genge ameweka masharti mawili. Waje baada ya saa nne, wateja wa asubuhi wakishapungua. Na waje na fedha ya kununua, maana nyanya zikishashikwashikwa na watoto arobaini hakuna mteja mwingine atakayezitaka.